Uzi wa Kupimia Nyumba

Fundi hakuwa mtu wa kutaja kipimo kwa sauti. Ukienda kwa fundi cherehani mwingine, anakuzungushia futi kifuani halafu anapaza sauti kumwambia mwenzake anayeandika, na mtaa mzima unajua kifua chako. Huyu wetu hapana. Alikupima kimya, midomo inacheza kama mtu anayesali, kisha anageukia ukuta na kuchora kwa chaki alama zake ambazo siku nyingine hata yeye zilimshinda kusoma. Ndiyo maana sare za kwaya yetu ya kina mama zilitoka na mikono mirefu, tukasimama kanisani kama watu waliojifunika mablanketi. Nilimwambia, "Fundi, umetushonea sisi au umewashonea wajomba zetu?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mtanenepa." Sasa mkono unanenepa kwa urefu? Lakini ndivyo alivyokuwa, akikosea hakubali, na ukimkasirikia anakutengenezea kikombe cha chai.

Mimi nauza tangawizi. Nilishuka kutoka Bombo, kule milimani, nikiwa bado nina nguvu za kubeba gunia, nikapata nafasi barazani pale Same mjini, kwenye nyumba ile ya zamani iliyokuwa duka la Mhindi. Yeye alikuwa upande wa mlango na cherehani yake, mimi upande wa nguzo na magunia yangu. Tumekaa hivyo mpaka wageni wakadhani ni mume wangu. Mume wangu mwenyewe, alipokuwa hai, hakuwakatalia. Alisema potelea mbali, ilimradi mchana kuna mtu wa kunisikiliza, yeye jioni apumzike.

Fundi alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hilo sitalieleza. Hakuwahi kuniambia vizuri, na sisi Wapare ukianza habari za ukoo hutoki, unaishia kwenye kesi ya shamba. Alikuwa Mwislamu wa tambarare, mrefu, mkavu, kofia haimtoki. Mimi aliniita Mama Tangawizi, na akitaka kunichokoza aliniita mtu wa ukungu. Mimi nilimwita mtu wa vumbi. Na vumbi la Same unalijua, lile linalokuja na upepo mchana likakuta chai yako haina mfuniko.

Nilitaka kusema habari ya woga wake. Alikuwa mwoga wa jambo moja tu, na kwa jambo hilo alikuwa mwoga kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Mambo mengine hakuyaogopa. Kuna miaka alilima mahindi kijiji cha Kisiwani, kule tembo wanakotoka porini wakaingia mashambani kama wamealikwa. Watu wanapiga madebe, wanawasha moto, wanakimbia. Yeye alikuwa anasimama kwenye kibanda chake anaongea nao kwa sauti ya kawaida. "Kuleni basi, mwende." Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema, "Tembo hapimi. Tembo anakula, anashiba, anaondoka. Huyo ni jirani." Ndiyo hivyo. Tembo alikuwa jirani, lakini kijana mpole mwenye futi mkononi alimtoa jasho.

Woga huo ulikuwa na pa kuanzia. Waislamu wa pale mjini wakifiwa na mwanamume walimwita yeye kukata sanda. Sanda haipiti kwenye cherehani, inapimwa na kukatwa basi. Fundi hakumpima maiti kwa futi ile anayotupimia sisi. Alichukua uzi mweupe wa pamba, anaunyoosha kuanzia utosini mpaka nyayoni, anafunga fundo, anakwenda kukatia shuka kwa uzi ule. Na uzi haukurudi nyumbani, uliingia kaburini na mwenyewe. Kwetu milimani nilikotoka, wazee walipima kaburi kwa tete, unyasi wa mtoni, na tete linatupwa mle mle shimoni, kwa sababu ukirudi nalo limerudi kutafuta mwingine. Kwa hiyo nilimwelewa. Kuna shehe alimwambia hilo la uzi halimo kwenye dini, si lazima. Fundi akamjibu kwa adabu, "Si lazima kwako shehe, kwa kuwa huulazi chumbani kwako."

Halafu kuna habari ya nyumba yake. Alikuwa na nyumba barabarani, upande wa kwenda Hedaru. Barabara ilipopanuliwa walikuja vijana, wapole sana, wakapima kuta, wakapima mpaka choo. Wakasifia nyumba. Mmoja akasifia mpapai wake, akapewa papai. Baadaye likaja katapila. Sisemi alidhulumiwa, nyumba ilikuwa imeingia kwenye eneo la barabara na sheria ndiyo hiyo. Ila yeye hakukumbuka sana katapila. Alikumbuka ule upole. Tangu hapo mtu akimsifia kitu, Fundi alikificha. Mteja mmoja alisifia birika lake, birika zuri la shaba, na sikuliona tena barazani mpaka leo. Mimi nikitaka kumtania nilikuwa nasema, "Fundi, mkasi wako mzuri," nao unaingia chini ya mguu wa cherehani haraka kama panya.

"Anayepima anataka kukata, na ukitaja kipimo kwa sauti umemwita mkataji," alikuwa anasema. "Mimi nimekula kwa kazi hiyo. Najua."

Basi. Nyumba yenyewe nisipoieleza hutaelewa kilichotupata. Kuta ni za mawe, nene, dirishani unaweza kulaza mtoto. Baraza lina nguzo za mbao, paa ni bati lililoshika kutu rangi ya chai. Na mlango. Mlango wa vipande viwili, mbao ngumu nyeusi, misumari yenye vichwa vikubwa kama vifungo vya koti, ukiufunga unasikia mlio mmoja wa kushiba. Mhindi mwenyewe sikumkuta. Nyumba ilikuwa mali ya halmashauri, sisi wapangaji, ndani tunalaza magunia na vitambaa. Fundi aliupaka mlango ule mafuta ya alizeti kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nyumba ilimpokea baada ya ile nyingine kubomolewa, alikuwa analala chumba cha nyuma. Hakuwa na pengine hapo mjini.

Siku moja mwenyekiti wa mtaa akatuitisha mkutano. Akasema serikali imetoa fedha. Majengo yote ya zamani ya mji yatapimwa na kuchorwa, ijulikane yapo yapi na yana hali gani, ili yatumike upya, yasiendelee kugeuka magofu.

Mzee mmoja akasimama. "Mwenyekiti, serikali itoe fedha ya kuangalia nyumba? Mimi yangu naiangalia bure."

"Na ndiyo maana imeinama," mwenyekiti akamjibu, watu wakacheka.

Fundi hakucheka. Alinyoosha mkono. "Yatumike upya na nani?"

"Fundi, hilo ni la baadaye."

Akakaa. Nilimwona anafunga na kufungua kifungo kimoja cha shati. Tuliporudi barazani aliniambia, "Umesikia? La baadaye. Hata wale walisema la baadaye." Na mimi, niliyekuwa nacheka muda mfupi uliopita, nikageuka kuyatazama magunia yangu. Gunia langu litakaa wapi? Nina umri wa kwenda kuanza mahali pengine?

Wakaja. Mkubwa wao alikuwa binti, Namkunda, Mpare mwenzetu aliyesomea kazi hiyo ya majengo, na vijana wawili wa kumsaidia. "Shikamoo babu, shikamoo bibi," kwa heshima kabisa, na heshima ile ndiyo iliyomwanzishia Fundi woga. Walikuwa na kimashine kinachotoa mwanga mwekundu. Hicho hakikumsumbua, alidhani ni tochi. Shida ilikuja walipoona kuta za zamani hazikunyooka, wakatoa uzi mweupe, wakaufunga kwenye msumari pembe ya huku, wakaunyoosha barazani kote mpaka pembe ya kule, uko chini karibu na sakafu, umekaza.

Cherehani ikasimama. Sindano ilibaki ndani ya kitambaa cha watu.

"Nyie," Fundi akasema. "Huyo hajafa."

Namkunda akageuka. "Nani, babu?"

"Huyo mnayemnyooshea uzi."

Kijana mmoja akacheka. Namkunda naye alitaka kucheka, akamtazama Fundi usoni, akaacha. Akaja akachuchumaa mbele yake, akamsemesha Kipare, pole pole, kwamba uzi ni wa kuonyesha ukuta umepinda wapi, ili wajue namna ya kuutengeneza. Fundi akamjibu kwa Kiswahili, kama mtu aliye mahakamani. "Nimesikia."

Halafu yule binti, katika kutaka kumfurahisha mzee, akaupapasa mlango. "Babu, mlango huu ni mzuri sana. Ningeweza ningeondoka nao."

Mwanangu, laiti angejua. Nilimkonyeza lakini alikuwa amenipa mgongo.

Walipomaliza, Fundi akauliza uzi wanaupeleka wapi. Wakasema wanautupa. "Nipeni mimi." Akauzungushia kwenye kigurudumu kitupu cha uzi wa cherehani, akautia mfuko wa shati. Sikumuuliza. Nilijua anachofikiri, kwamba uzi usipokwenda kaburini, na aliyepimwa hatakwenda. Na nisiseme uongo, moyoni nilisema afadhali.

Asubuhi yake nafika na kikapu changu naiona nyumba iko wazi. Nilikuwa sijawahi kuiona hivyo. Unamjua mtu miaka, halafu siku moja unamkuta hana meno. Mlango ulikuwa chini, umeviringishwa kwenye mikeka, umelazwa juu ya magunia yangu. Fundi amekaa pembeni na bisibisi, kofia imejaa vumbi.

"Mama Tangawizi, gari lako la Bombo linapanda lini?"

"Fundi, huo ni mlango wa halmashauri."

"Wakibomoa utakuwa kuni."

"Nani kasema wanabomoa?"

"Wamenyoosha uzi. Kausifia mlango. Unataka akwambie nini tena, akupigie ngoma?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilikuwa nimeshasikia katapila masikioni tangu siku ya mkutano. Kila lori likipunguza mwendo barabarani nilidhani ndilo. Mtu aliyejaa woga ukimwonyesha mwoga mwenzake hawarudishani, wanasukumana. Gari lilikuja kushusha tangawizi, likapanda na mlango mpaka Bombo, likauacha kwa mdogo wangu, kwenye stoo yake nyuma ya mikungu ya ndizi.

Kumbe tulikuwa tumeiua nyumba sisi wenyewe. Upepo wa Same ukishapata pa kuingilia hautoki bila kitu. Ulikuwa unapita mlangoni unainua bati kwa ndani, bati linapiga, linatulia, linapiga. Mbuzi wakaingia. Walevi wakaingia. Fundi akahamishia kitanda chake nyuma ya kabati na akawa anashona na mgongo ameugeuzia barabara, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Wapita njia wakaanza kusema "pale kwenye gofu." Lile neno la mkutanoni, gofu, likawa anwani yetu.

Kisha mwenyekiti akatangaza mlango wa halmashauri umeibiwa na polisi wamearifiwa. Hapo ndipo nilipojua maana ya kuogopa. Askari wa pikipiki akipita, mikono yangu inaweka tangawizi kwenye mizani bila macho kuangalia, nikawa nawazidishia watu, na wateja wakaongezeka. Fundi aliona foleni yangu akasema, "Hofu yako inauza kuliko wewe." Ndio utani pekee ninaoukumbuka wa siku zile. Yeye alikuwa amekonda mpaka futi ilimpwaya shingoni.

Namkunda alirudi peke yake. Alisimama mbele ya lile pengo akalitazama kwa muda. Hakupiga kelele. Akavuta kigoda changu, akakaa katikati yetu.

"Babu, nilipoandika habari za nyumba hii, ilikuwa na mlango."

Fundi akaendelea kukunja pindo la suruali ya mtu.

"Jumatatu wakubwa wangu wanakuja kuhakikisha. Fedha iliyotolewa haitoshi nyumba zote. Zinazoanza kutengenezwa ni zile zilizo kamili, zenye paa na milango. Iliyo wazi inaandikwa gofu. Na gofu lililo barabarani, babu, hakuna wa kulitetea."

Akanitazama. Mimi nikatazama tangawizi.

"Wakiukuta mlango," Fundi akasema, "sisi tunabaki?"

Yule binti angeweza kumdanganya. Ningekuwa mimi ningemdanganya. Akasema, "Sijui babu. Hilo halijaamuliwa, na nikikwambia najua nitakuwa mwongo. Ninachojua ni kwamba gofu halina mpangaji."

Akaondoka. Hakuuliza mlango uko wapi. Fundi alikaa muda mrefu anaviringisha kile kigurudumu cha uzi kwenye kiganja. Mwisho akasema, "Huyu leo hakusifia kitu." Kwake yeye hiyo ilikuwa sababu ya kutosha kumwamini mtu.

Tukapanda Bombo. Ilikuwa masika, mlima umefunikwa. Mdogo wangu alimpikia makande, akayala yote huku anasema tambarare wanapika vizuri zaidi. Asubuhi tukapakia mlango kwenye Fuso, juu ya magunia, na Fundi akakataa kukaa mbele. Alisimama nyuma ameukumbatia. Njia ya kushuka kule, ikinyesha, ni sabuni. Upande huu ukuta wa mlima, upande huu ukungu, na chini ya ukungu hujui kuna nini, na afadhali usijue. Gari likaanza kuteleza kwenye kona, likateleza kwa upole kabisa kama linajisogeza kumpisha mtu. Mimi niliyekaa mbele nilishika mkono wa dereva mpaka akaniambia, "Mama, mkono huo ndio ninaoendeshea." Nilisali sala zote, na zilipoisha nikaanza za kwaya. Nyuma nikamsikia Fundi anaongea. Nilidhani naye anasali. Kumbe anauambia mlango, "Tulia. Tulia, tunarudi."

Tulipofika chini, Kisiwani, tembo wamesimama njiani, mama na mtoto, dereva akazima gari. Mimi roho mkononi. Fundi akachungulia kutoka juu akawasalimia. Wakaondoka. Lakini tulipoikaribia Same, paa zikaanza kuonekana, nikageuka kumtazama kupitia kile kidirisha cha nyuma, na uso wake ulikuwa wa majivu.

Jumatatu asubuhi tukamwita seremala, mtu wa maneno mengi. Wakainua mlango. Haukuingia.

Ulikuwa umenywa maji ya mlimani. Mbao iliyozoea ukavu wa Same ililala Bombo kwenye ukungu na mikungu ya ndizi, ikavimba. Kipande cha kushoto kiliingia, cha kulia kikagoma. Wakasukuma. Ukagoma. Ofisi zilikuwa zimeshafunguliwa, magari yanapita, na kila gari jeupe nililiona ni lao.

"Inabidi kupiga randa," seremala akasema, ameshikilia mlango kwa bega na mikono yote miwili. "Lakini sikati kwa kubahatisha, nikizidisha utabaki na mwanya wa kupita paka. Fundi, wewe una futi. Pima fremu, nitajie."

Fundi akatoa futi shingoni. Akaiweka kwenye fremu, juu, katikati, chini. Midomo ikacheza.

"Taja."

Akageukia ukuta kutafuta chaki.

"Fundi, mimi sisomi michoro yako, nilivaa suruali yako nikajua. Nitajie kwa mdomo. Mlango unanivunja bega."

Nikamwambia, "Nitajie mimi sikioni, nitamwambia." Alinitazama. Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima anayeogopa kama mtoto anavyoogopa, bila kuficha. Kofia ilikuwa imelowa. Akaweka mkono juu ya mfuko wa shati, penye uzi, mkono mwingine umebana futi kwenye fremu, akafumba macho.

"Arobaini na moja na nusu," akasema. Kwa sauti. Nusu ikatoka kama kikohozi.

Nikangoja. Sijui nilingoja nini, labda kuta zianguke. Lori likapita. Bati likapiga mara moja. Seremala akasema, "Ulikuwa unaona shida gani?" akaanza kupiga randa.

Wakubwa walipofika, maranda yalikuwa bado sakafuni, meusi kwa nje, mekundu kwa ndani. Mmoja akaufungua mlango, akaufunga. Ukatoa ule mlio wake. Namkunda hakututazama. Akaandika. Mwenyekiti naye, aliyekuwa ameambatana nao, akautazama mlango, akamtazama Fundi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umerudi wenyewe?"

"Ulikwenda kusalimia," nikamjibu. Mpaka leo hajaniuliza tena.

Nyumba ikaingia kwenye zile za kwanza. Wamebadilisha bati, wameziba nyufa. Vyumba vya ndani mabinti wanafundishwa kushona, na mimi bado nipo barazani kwenye nguzo yangu kwa sasa. Nasema kwa sasa kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa, kwa sasa.

Fundi alifundisha wale mabinti muda kidogo. Mikono yote ilitoka mirefu. Kisha macho yakamwacha, akaenda kukaa Hedaru kwa binti yake. Nilikwenda kumwona baada ya kusikia haamki kitandani. Nilibeba tangawizi, na kitambaa kidogo cha kumshikisha, maana nilijua anapenda kukishika. Chumba kilikuwa karibu na barabara, mabasi yakipita kitanda kinatikisika. Alinijua kwa mwendo.

"Mtu wa ukungu. Mlango unafunga?"

"Unafunga. Kiangazi unaacha mwanya, masika unabana."

"Kama watu," akasema. Kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa kile kigurudumu, uzi umeshakuwa rangi ya majivu. "Chukua."

Niliogopa kukishika. Nikamwambia kiache hapo, utapona urudi nacho.

"Sikiliza. Nikifa watakuja kunipima. Watakuwa na haraka, watatafuta uzi, watauona huu, watasema huu hapa. Wanipimie. Uingie na mimi." Alipumzika. "Mimi wanipime kwa uzi mwingine. Huu ni wa nyumba."

Basi likapita. Kitanda kikatikisika.

"Tembo umewaogopa, askari umewaogopa. Uzi nao, Mama Tangawizi?"

Nikauchukua. Mikono yake ilikuwa baridi, akaikunja yangu juu ya uzi, akaibana kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo. Hatukuzungumza tena jambo la maana. Alinidai chai yenye tangawizi nyingi, akainywa, akasema haina tangawizi.

Walimzika kule kule. Sikuuliza walipimia nini.

Juzi wamekuja wengine hapa barazani, vijana, wana chombo cha miguu mitatu. Wanasema ni mambo ya barabara tu, au maji, sikusikia vizuri, nilikuwa natazama kile chombo. Wapole. Wamenipa shikamoo wote. Mmoja akaegemea nguzo yangu, akatazama juu kwenye bati jipya, akautazama mlango, akatabasamu.

"Bibi," akasema, "baraza lako zuri."

Nikatia mkono mfukoni nikaushika uzi.

"Baya hili, mwanangu," nikamwambia. "Linavuja."